Mazoezi ya Dharura Shuleni: Kumfunza Mtoto Bila Kumtia Hofu

Leo tunazungumza juu ya mazoezi ya dharura shuleni, yaani yale ya kuwafunza watoto namna ya kujiokoa moto ukizuka au hatari nyingine ikitokea.

Kwanza tukubaliane kwamba mazoezi haya yanahitajika. Mwaka wa 2001, moto uliwaua wavulana 67 katika bweni la shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Septemba 2024, wavulana 21 walifariki katika moto wa bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri. Mtoto anayejua atokee mlango gani, na akusanyike wapi ili ahesabiwe, ana nafasi nzuri zaidi ya kuokoka.

Hata hivyo, kufunza si kutisha. Tarehe 30 Novemba 2015, Chuo Kikuu cha Strathmore jijini Nairobi kilifanya zoezi la kujikinga na magaidi. Milio ya risasi ilisikika. Wengi walidhani ni shambulizi la kweli, wakaruka kutoka ghorofani. Mfanyakazi mmoja alifariki na watu wengine wakaumia. Kumbuka kwamba miezi michache tu kabla ya hapo, mwezi wa Aprili, watu 148 walikuwa wameuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Hao walikuwa watu wazima. Je, mtoto wa chekechea? Mtoto mdogo bado hajui vizuri kutenganisha igizo na kweli. Akisikia mlipuko au akiona mtu mwenye bunduki, moyo humdunda, pumzi humkimbia na mwili hutetemeka, hata kama bunduki ni ya mbao. Akili iliyojaa hofu haishiki somo. Atakumbuka mlio, lakini mlango wa kutokea atausahau.

Baada ya zoezi la kutisha, mwangalie mtoto wako. Huenda akaanza kukojoa kitandani ilhali alikuwa ameacha. Huenda akaota ndoto mbaya, akalalamika tumbo au kichwa kila asubuhi, akakataa shule, akakung'ang'ania, au akashtuka mlango ukibamizwa. Usimchape wala usimwite mwoga. Mkalishe karibu nawe, umuulize aliona nini na alifikiri nini. Mweleze kwa maneno machache kwamba lile lilikuwa zoezi na sasa yuko salama. Ale, acheze na alale kwa saa zake za kawaida. Watoto wengi hutulia baada ya siku chache. Dalili zikiendelea kwa mwezi mmoja, au mtoto akiacha kula, kulala au kuzungumza, usingoje zaidi, mpeleke kituo cha afya. Mtoto aliyewahi kupatwa na moto, vita au wizi wa mabavu aangaliwe zaidi. Mwambie mwalimu wake mapema.

Sasa mzazi, kwenye mkutano wa wazazi, muulize mwalimu mkuu maswali haya:

Je, watoto na wazazi huambiwa kabla ya siku ya zoezi? Je, ishara ni kengele au filimbi wanayoijua? Je, wanafunzwa kutembea kwa mstari bila kusukumana, hasa kwenye ngazi? Je, mtoto mlemavu ana mtu wa kumsaidia? Je, baada ya zoezi mwalimu huketi na watoto kuwasikiliza?

Na uulize hili pia: milango ya bweni hufunguka kwa nje, na madirisha hayana vyuma? Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unataka hivyo. Zoezi zuri halina faida ikiwa mlango umefungwa kwa kufuli.

Zoezi lisilo na risasi wala damu ya kuigiza, likirudiwa kila muhula, hutosha kumzoesha mtoto. Nyumbani nako, mwonyeshe leo usiku atokee wapi jiko likishika moto.