MLINZI ALIYEONA

Kama una Biblia karibu, fungua Kitabu cha Ezekieli, sura ya 33, mstari wa kwanza hadi wa tisa. Humo Mungu anamweka nabii kuwa mlinzi. Akiuona upanga unakuja naye asipige tarumbeta, damu ya watu itatakwa mkononi mwake.

Leo nataka tuwakumbuke walinzi fulani wa Vita Kuu ya Pili. Ilikuwa tarehe 4 Aprili 1942, Jumamosi, kesho yake ikiwa Sikukuu ya Pasaka. Kabla ya jua kupanda, ndege ya upelelezi aina ya Catalina iliondoka Koggala, kusini mwa kisiwa cha Ceylon, ambacho leo tunakiita Sri Lanka. Ndani yake mlikuwa na watu tisa, Wakanada na Waingereza. Rubani mkuu alikuwa Leonard Birchall, Mkanada, aliyekuwa amefika kisiwani siku mbili tu kabla ya hapo. Catalina ni ndege inayotua majini. Huenda mbali sana, lakini ni nzito, na haiwezi kuzikimbia ndege za kivita.

Walizunguka juu ya bahari mchana kutwa. Zamu ilipokuwa karibu kwisha, mmoja akaona kitu kidogo kwenye upeo wa macho upande wa kusini. Ndugu msikilizaji, hapo wangeweza kugeuza ndege. Walikuwa wamechoka, na kitu chenyewe kilikuwa nukta tu. Wao wakakisogelea. Wakakuta kundi kubwa la manowari za Kijapani, na kati yao manowari tano za kubebea ndege, zikielekea Ceylon.

Wakaanza kuhesabu, na mpiga simu ya upepo akaanza kutuma habari. Ilipasa ujumbe utumwe mara tatu. Walikuwa katikati ya mara ya tatu risasi zilipouvunja mtambo. Ndege ikashika moto, wakatua baharini, nayo ikazama. Watatu kati yao walikufa. Sita waliokolewa majini na manowari ya adui, wakapigwa ili waseme kama walikuwa wametuma habari, kisha wakafungwa Japani hadi vita vilipokwisha mwaka 1945.

Lakini ujumbe ulikuwa umefika. Asubuhi ya Pasaka Wajapani walipoushambulia mji wa Colombo, meli nyingi zilikuwa zimekwisha kuondolewa bandarini. Sisemi kwamba wote walijiandaa vyema. Kulikuwa na marubani ambao bado walikuwa chini ndege za adui zilipofika juu ya vichwa vyao. Mlinzi hupiga tarumbeta. Kuamka ni kazi ya mwenye kulala. Na sisi wa Kenya tuna kumbukumbu yetu katika habari hii, maana baada ya mashambulio hayo sehemu ya manowari za Waingereza ilihamia Kilindini, Mombasa.

Sasa niruhusuni niseme jambo linalonihusu mimi. Katika mtaa mmoja niliohudumu palikuwa na baba mmoja, mtu mkarimu, mwenye sauti nzuri ya kuimba. Kila harambee ya kanisa alikuwa wa kwanza kusimama. Jioni mbili tofauti nilimwona akitoka kilabuni akiyumbayumba, ameshika funguo za gari lake. Nilisema moyoni, “Nitazungumza naye.” Jumapili ikapita, na nyingine ikapita. Nilikuwa nikinywa chai nyumbani kwake. Ningeanzaje kumwambia maneno kama hayo? Mwezi wa tatu gari lilitoka barabarani usiku, likaangukia mtoni.

Nilimzika mimi. Baada ya maziko mkewe alinivuta kando, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Pasta, wewe ulijua?”

Nilimwambia nilijua.

Wale watu wa ndege walikuwa wakipigwa risasi, nao wakaendelea kutuma. Mimi sikupigwa na mtu yeyote. Niliogopa kukosa kikombe cha chai. Mama yule bado ni mshiriki wa kanisa, na amenisamehe. Aliniambia hivyo mwenyewe, miaka miwili baadaye, tukiwa tumesimama mlangoni pa kanisa mvua ikinyesha. Hata hivyo, nikiisoma sura hii ya 33, huisoma polepole.

Pengine wewe unayenisikiliza asubuhi hii umeona jambo kwa jirani, kwa mwanao, au kwa mzee wa kanisa unayemheshimu. Umeliona mara mbili, nawe unangoja Jumapili.

Tuombe. Ee Bwana, yuko mtu ambaye jina lake limetujia sasa hivi. Tupe kwenda kwake leo, kabla ya jioni. Amina.