JICHO LA RADA NA DAFTARI LA MVUVI

Leo tuongee juu ya kitu kilicho mbali huko angani, lakini kinahusu samaki wa sufuria zetu. Ni rada ya setilaiti, ambayo siku hizi hutumika kutafuta meli baharini.

Kwanza, inafanyaje kazi? Kamera ya kawaida inahitaji mwanga. Usiku haioni, na mawingu yakitanda pia haioni. Rada haina habari na jua. Inatuma mawimbi kama ya redio hadi baharini, kisha inapokea yale yanayorudi. Maji yaliyotulia huyatupa kando, kwa hivyo bahari hutokea nyeusi kwenye picha. Meli ya chuma huyarudisha kwa nguvu, nayo hutokea kama kidoa cheupe. Nchi za Ulaya zilirusha setilaiti ya kwanza ya Sentinel-1 mwaka 2014, na picha zake hutolewa bure.

Pili, faida yake ni nini? Meli kubwa hubeba chombo kinachotangaza jina la meli na mahali ilipo. Lakini nahodha mwenye nia mbaya hukizima. Hapo ndipo rada inasaidia: kidoa kipo, tangazo hakuna, je, huyu ni nani? Si kila aliyenyamaza ni mwizi, maana vyombo vingine havilazimishwi kutangaza. Hata hivyo, shirika la Global Fishing Watch lilichunguza picha za 2017 hadi 2021. Matokeo yalichapishwa Januari 2024: katika kila meli nne kubwa za uvuvi, tatu hivi hazikuonekana kwenye matangazo.

Sasa sikilizeni yaliyowapata wavuvi wadogo wa Korea Kaskazini. Mwaka 2017 meli zaidi ya 900 kutoka China zilivua ngisi katika maji ya nchi yao, na 2018 zaidi ya 700. Rada, pamoja na picha za taa za usiku, ndizo zilizofichua. Inakadiriwa kwamba katika miaka hiyo miwili zilivua zaidi ya tani 160,000. Wenye mashua za mbao walisukumwa wakaenda kutafuta riziki mbali, hadi maji ya Urusi. Wengine hawakurudi. Mashua zao zilitupwa na mawimbi kwenye pwani za Japani, maiti zikiwa ndani. Mnaona basi, jambo hili si la wasomi peke yao.

Tatu, tusidanganyane, rada ina upungufu. Mtumbwi au ngalawa haionekani vizuri, kwa sababu ni ndogo na ni ya mbao. Bahari ikichafuka, kama wakati wa kusi, vidoa vidogo hupotea. Setilaiti moja ya Sentinel-1 hurudia njia ile ile baada ya siku 12. Na ikishaona, haina mikono ya kukamata mtu. Kukamata ni kazi ya serikali na Walinzi wa Pwani.

Kwa hivyo sisi tufanye nini? Kila kikundi cha ufuoni kiwe na daftari moja. Mkiona meli imeingia karibu au imekata nyavu zenu, andikeni tarehe, saa, mahali, rangi yake, na namba au jina lililo ubavuni. Andikeni na hasara: nyavu ngapi, shilingi ngapi. Nakala ipelekeni kwa ofisa wa uvuvi, naye atie sahihi kwamba ameipokea. Halafu muulizeni: picha za rada za siku ile zimetazamwa?

Picha ya angani bila shahidi ni kidoa tu. Neno la mvuvi bila tarehe huitwa uvumi. Vikiwekwa pamoja juu ya meza moja, ni vigumu mtu kuvikana. Daftari ni shilingi chache, na kalamu mnayo. Anzeni wiki hii.