Vyombo vya Tambiko vya China na Vibuyu vya Mukurweini

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo ni cha kulia tu. Sivyo. Zamani, wazee wa Kikuyu walipokwenda penye mti wa mugumo kuomba mvua, walitanguliwa na watoto wawili, mvulana na msichana, waliochukua kibuyu cha maziwa na kibuyu cha pombe ya asali. Vibuyu hivyo vilikuwa vyombo vya heshima.

Wafalme wa China nao walikuwa na desturi ya namna hiyo. Mwaka 1369 mfalme Hongwu aliamuru vyombo vya tambiko viwe vya kauri. Mwaka 1748 mfalme Qianlong alivipanga upya kwa rangi: buluu kwa Mbingu, manjano kwa Ardhi, nyekundu kwa Jua, na nyeupe kwa Mwezi. Vyombo vya jumba la mfalme vilichomwa katika tanuri za Jingdezhen, na zamani za wafalme wa Ming chombo chenye ila kilivunjwa na kufukiwa, kisije kikatumiwa na raia.

Kauri ya biashara ilifika hata pwani ya Kenya. Huko Mambrui, karibu na Malindi, kaburi la nguzo lilipambwa kwa mabakuli ya Kichina. Bakuli la mezani likawa heshima ya marehemu. Mwaka 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Peking na wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya walichimbua hapo sarafu ya mfalme Yongle, aliyetawala toka 1402 hadi 1424, na kigae ambacho walisema ni cha kauri ya jumba la mfalme.

Lau mtu angalikiokota kigae hicho na kukiuza, kisingalieleza neno. Kilieleza kwa sababu kilikutwa mahali pake.

Basi, kibuyu cha nyanya kisitupwe jalalani kwa kuwa debe la plastiki limeingia nyumbani. Na aulizwe mwenyewe kilikuwa cha kazi gani, na maneno yake yaandikwe angali hai. Na jembe likigonga chungu cha kale shambani, kisiondolewe. Makumbusho ya Taifa yaarifiwe, kama sheria ya mwaka 2006 inavyotaka. Chombo kikivunjika, habari zake zaweza kubaki. Zikipotea habari zake, hakuna fundi awezaye kuziunga.