Vumbi la Makaa ya Mawe na Mapafu ya Wachimbaji



Sisi watu wa kalamu huyajua makaa ya mawe kwa hesabu ya tani. Mchimbaji huyajua kwa kifua chake. Vumbi lionekanalo hunaswa puani au hutemwa. La kuogopwa zaidi ni lile jembamba lisiloonekana, lishukalo hata ndani kabisa ya mapafu, likakaa miaka, nyama ikafanya makovu. Dawa ya kuyaondoa hakuna.

Katika Wales ya Kusini wengi waliugua hivi, ilhali sheria ya fidia ilitambua vumbi la mwamba tu. La makaa lilikubaliwa mwaka 1943, baada ya uchunguzi wa madaktari.

Marekani ilitunga sheria mwaka 1969. Tangu 1972 vumbi halikuruhusiwa kupita miligramu 2 katika kila mita ya ujazo ya hewa, na mwaka 2016 kipimo kikashushwa kuwa 1.5. Lakini (makarani, tusikilize hapa) makampuni kadhaa yalionekana mahakamani kuwa na hatia ya kughushi vipimo vile. Vitabuni hewa ilikuwa safi, na huko chini watu walivuta vumbi lile lile.

Basi karani wa machimbo na aandike kazi ya kila mtu, mahali alipoifanya, na miaka yake, kwani mgonjwa adaipo fidia huulizwa hayo.