Somo la Leo: Kupunguza na Kugeuza Picha kwa Amri za Kuandika

Ninyi mlio darasani pamoja na mwalimu wenu, na wewe uliye peke yako nyumbani, karibuni. Mwenye kompyuta na aiwashe. Asiye nayo na achukue kalamu na daftari, maana somo hili laweza kuandikwa kwa mkono kwanza, na mashine ikafuata baadaye.

Tuseme mwanao amepata nafasi ya chuo. Chuo kinataka picha ya cheti chake, iletwe kwa intaneti, isizidi kilobaiti 300. Umekipiga cheti picha kwa simu. Unaipeleka, inakataliwa. Unaipeleka tena, inakataliwa tena. Mwisho wa kupokea ni kesho. Cheti ni cha kweli na picha inasomeka, lakini faili ni kubwa mno. Mwenye duka la kompyuta atakusaidia kwa fedha, na huenda nakala ya cheti ikabaki katika mashine yake. Mimi naona ni heri uijue kazi hii mwenyewe.

Kwanza, picha ni kitu gani? Picha ya simu ni vitone vya rangi vilivyopangwa safu safu, kama shanga. Ikiwa ina vitone 4000 kwa upana na 3000 kwa kimo, basi jumla ni vitone 12,000,000. Na kila kitone kina namba tatu: ya nyekundu, ya kijani na ya buluu. Kila namba ni kati ya 0 na 255. Zidisha mara tatu, utapata namba 36,000,000. Simu huzifunga namba hizo zisichukue nafasi nyingi, kama mtu afungavyo mzigo kwa kamba. Namna za kufunga ni nyingi, nazo zina majina: JPEG, PNG, HEIC na nyinginezo.

Programu tutakayoitumia yaitwa ImageMagick. Aliyeianza ni John Cristy, mwaka 1987, alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya DuPont huko Marekani. Mwaka 1990 ilitolewa kwa watu wote bure, na mpaka leo ni bure. Hununui, wala huibi.

Hapa hakuna vitufe vya kubonyeza. Unafungua dirisha la amri, unaandika mstari mmoja, unabonyeza Enter. Wengine huliogopa dirisha hilo kwa sababu ni tupu. Lakini amri ni kama barua fupi. Unataja jina la programu, kisha picha iliyopo, kisha kazi unayotaka, na mwisho jina la picha mpya. Sikilizeni, nasoma polepole:

magick identify cheti.jpg

Amri hii haibadili kitu. Inauliza tu: picha hii ni ya namna gani, ina vitone vingapi, na uzito wake ni kiasi gani? Ianze hiyo kila mara. Fundi hupima nguo kabla ya kukata.

Sasa tukate:

magick cheti.jpg -resize 1600x1600 cheti-kidogo.jpg

Tazama kile kistari. Kimeshikamana na neno lake, hakuna nafasi katikati. Lakini kati ya neno na neno pana nafasi moja. Wanafunzi wengi hukwama hapo tu. Maana ya amri ni hii: punguza picha mpaka ienee katika mraba wa vitone 1600 kwa 1600. Picha haivutwi ikapotoka. Ile ya 4000 kwa 3000 itakuwa 1600 kwa 1200. Vitone vyake sasa ni 1,920,000, yaani havifiki hata sehemu moja ya sita ya vile vya kwanza.

Ikiwa kompyuta yako ina toleo la 6, andika convert badala ya magick. Neno magick lilikuja na toleo la 7, mwaka 2016. Lakini wenye Windows, angalieni! Humo mna programu nyingine kabisa iitwayo convert, na kazi yake ni kubadili mpangilio wa diski. Ninyi tumieni magick.

Sasa amri kamili ya cheti chetu. Ni ndefu kidogo, lakini iandike yote katika mstari mmoja:

magick cheti.jpg -auto-orient -resize 1600x1600 -strip -define jpeg:extent=290KB cheti-kidogo.jpg

Neno auto-orient huisimamisha picha iliyolala ubavu. Strip huvua maelezo yaliyofichwa ndani ya faili. Simu huandika humo tarehe na aina ya simu, na ikiwa umeiruhusu, huandika hata mahali ulipokuwa umesimama. Mtu akiipata picha hiyo aweza kuujua mlango wa nyumba yako. Strip lazima ije baada ya auto-orient, kwa sababu alama ya kusema picha imelala upande gani imo katika maelezo hayo hayo yanayovuliwa. Sehemu ya mwisho, extent, huifunga JPEG isipite kilobaiti 290, nasi tumebakiwa na kumi za tahadhari.

Kwa nini tumepunguza vitone kwanza? Kwa sababu JPEG hupunguza uzito kwa kutupa sehemu ndogo ndogo ambazo jicho halizioni upesi. Ukiilazimisha picha yenye vitone 12,000,000 iingie katika kilobaiti 290, itatupa nyingi mno, na herufi zitafanya ukungu. Kwa hiyo fungua picha mpya, ikuze, uisome namba ya cheti tarakimu kwa tarakimu. Je, 3 imekuwa kama 8? Kama ndivyo, cheti hicho chaweza kumletea mwanao taabu kubwa kuliko kuchelewa.

PNG haitupi kitu. Yafaa kwa michoro na maandishi, ila picha ya uso wa mtu itakuwa nzito. Kugeuza ni rahisi. Badili tu herufi za mwisho wa jina:

magick mchoro.png mchoro.jpg

Lakini kuigeuza JPEG kuwa PNG hakurudishi kilichokwisha kutupwa. Maji yakimwagika hayazoleki. Na simu za iPhone, tangu mwaka 2017, huweza kuhifadhi picha kwa HEIC, ambayo ofisi nyingine haziikubali. Amri ni ile ile, mradi programu yako iwe imewekewa sehemu ya kusoma HEIC.

Limebaki neno moja la hatari, nalo ni mogrify. Hili hushughulikia picha nyingi kwa amri moja, lakini usipoliambia vingine, huandika juu ya picha zako za asili. Picha ya harusi, picha ya marehemu mama, zote zaweza kupunguzwa kwa nukta moja, na zile kubwa zisipatikane tena. Kwa hiyo tengeneza kwanza folda tupu, kisha uitaje:

mkdir ndogo
magick mogrify -path ndogo -resize 1200x1200 *.jpg

Ile nyota maana yake ni kila picha ya JPEG iliyomo humo. Picha mpya zitaingia katika folda ya ndogo, na za asili hazitaguswa.

Zoezi la wiki hii: chukueni picha moja isiyo na thamani, mfanye nakala tatu, za vitone 1600, 800 na 200. Andikeni uzito wa kila moja katika daftari, na mmwonyeshe mwalimu ni katika nakala ipi maandishi yalianza kutosomeka. Kwaherini.