Nani Ana Ufunguo wa Kabati? Teknolojia ya Darasani na Mwanafunzi wa Pwani ya Kilwa

Mhadhara wa umma uliotolewa Kilwa Kivinje

 

Nimeombwa nizungumzie teknolojia darasani, na najua wapo waliokuja wakitegemea niwaonyeshe mashine. Leo sikubeba mashine yoyote. Nataka tuanze na kabati la chuma lililoko katika ofisi ya mwalimu mkuu. Walimu mnalijua. Ndani yake mna tufe la dunia lililopasuka upande wa Bahari ya Hindi, mna redio, mna projekta iliyoletwa na wafadhili ikapigwa picha siku ya makabidhiano, na siku hizi mna vishikwambi. Ufunguo uko mfukoni mwa mtu mmoja. Mtu huyo akiitwa kikaoni Kilwa Masoko, kabati limekwenda naye.

Hoja yangu ni kwamba vifaa vya kufundishia katika nchi yetu vimefaa pale vilipokuwa mikononi mwa anayejifunza, kwa lugha yake, katika saa inayojulikana, na mtu wa karibu akiwa na jukumu la kuvisimamia. Pale vilipokuwa mali ya kutunzwa, vimetunzwa. Vingine vimetunzwa vizuri mno, hadi vikaoza.

Wazee wa hapa hawahitaji kufundishwa na mimi kifaa cha darasani ni nini. Waliokwenda chuo cha Kurani kwa mtindo wa zamani wanaukumbuka ubao. Mtoto alikaa mkekani na ubao wake mwenyewe, na herufi zikaandikwa kwa kalamu ya mwanzi na wino wa masizi. Akishaisoma sehemu yake akaijua, ubao unaoshwa, unakauka juani, inaandikwa sehemu nyingine. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake kuhusu desturi za Waswahili yalichapwa mwaka 1903, aliyaeleza maisha ya chuoni katika pwani hii. Bakora ilikuwepo, na kukariri bila kuelewa kulikuwepo, sitaki kuremba. Lakini tazameni mpangilio wenyewe. Katika baraza moja, huyu yuko kwenye alifu na be, yule yuko Juzuu Amma, mwingine ameshafika mbali. Mwalimu anamwita mmoja mmoja, anamsikiliza, anamrudishia alipokosea. Wanafunzi wakubwa wanawasomesha wadogo. Hakuna mtoto aliyesukumwa kwenye sura inayofuata eti kwa sababu mwaka umekwisha.

Shule zetu za serikali ziliuacha mpangilio huo, na kwa darasa la watoto sabini sioni zingefanyaje vinginevyo. Mwalimu anafundisha mada ya wiki, aliyeelewa na asiyeelewa wanahamia wote ya wiki ijayo. Sasa, utafiti wa programu za kompyuta uliofanywa na Muralidharan, Singh na Ganimian mjini Delhi, India, ukachapishwa mwaka 2019, uliwafuatilia wanafunzi waliotumia programu inayompima mtoto kwanza, kisha ikamwanzishia pale alipo, hata kama ni madarasa kadhaa nyuma ya darasa alilokalia. Kwa muda wa miezi minne na nusu tu, wanafunzi hao walipiga hatua kubwa katika hesabu na Kihindi kuwapita wenzao. Siri yake ni ileile ya baraza la chuo: kila mtoto mahali pake. Mashine imefanya upya kazi ambayo mwalimu mmoja hawezi tena kuifanya kwa watoto sabini.

Nije kwenye redio. Vijana hamtaniamini, lakini jaribio kubwa mno la kutumia teknolojia kufundishia nchini Tanzania lilifanyika mwaka 1973, kwa redio za betri. Kampeni iliitwa Mtu ni Afya. Kwa wiki 12, Redio Tanzania ilirusha vipindi vya kuzuia malaria, kichocho, minyoo, kuhara na kifua kikuu. Watu wapatao milioni 2 walishiriki, katika vikundi zaidi ya 70,000. Hebu tukae kidogo na mfano huu, maana ndani yake mna kila kitu ninachotaka kukisema leo.

Siku ya kipindi ilijulikana, na saa ilijulikana. Kikundi kilikutana chini ya mti, darasani, kwa mtu. Kiongozi wa kikundi alikuwa jirani aliyepewa mafunzo mafupi, mwenye kitabu kilichochapwa kwa Kiswahili chepesi. Redio ikiisha kusema, inazimwa. Ndipo somo linapoanza: kiongozi anasoma kipande cha kitabu, watu wanabishana, wanaulizana maji ya kisima chao yana nini, wanakubaliana la kufanya kabla ya wiki ijayo. Vyoo vilichimbwa kwa maelfu kwa maelfu. Redio ilichukua sehemu ndogo tu ya muda wa mkutano, na hata pale ilipokwaruza au betri ikafa, kitabu kilikuwepo na kiongozi alikuwepo. Wapangaji wa Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima hawakuitegemea redio peke yake hata siku moja, nami naona hiyo ndiyo akili ambayo miradi mingi ya leo imeikosa.

Baadaye kidogo walimu wengi wa UPE, mpango wa elimu ya msingi kwa wote, waliandaliwa kazini kwa masomo ya posta na redio. Tuliwatania sana walimu wale. Lakini ndio waliowafundisha kusoma wengi wa mliokaa humu.

Sasa vishikwambi. Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019, katika vijiji karibu 170 vya Mkoa wa Tanga, watoto karibu 3,000 walipewa vishikwambi vyenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Yalikuwa mashindano ya kimataifa ya taasisi ya XPRIZE, yakishirikiana na UNESCO, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani na Serikali yetu. Zawadi zake zilikuwa dola milioni 15. Takriban robo tatu ya watoto hao walisema hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Kila kijiji kiliwekewa kituo cha kuchajia kwa umeme wa jua. Hakukuwa na intaneti darasani, kwa kuwa hata darasa lenyewe halikuwepo.

Fikirieni mtoto wa miaka tisa na kishikwambi mapajani. Sauti ya Kiswahili inamwambia aguse herufi. Anagusa. Amekosea, sauti inarudia vilevile, haipandi, haichoki, hakuna mwenzake nyuma anayecheka. Anaburuta silabi kwa kidole, zinakutana, linatoka neno ambalo amelitamka tangu anajua kusema. Programu mbili ziligawana ushindi mwezi Mei 2019: Kitkit School, na onebillion ya Uingereza. Programu za mashindano hayo ziliachwa wazi, mtu yeyote aweze kuzichukua bure na kuziendeleza.

Matokeo yalitangazwa kwa shangwe: baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu. Ni kweli, na ni jambo kubwa kwa watoto ambao hawakuwa na mwalimu. Lakini nusu ya pili haitajwi sana. Baada ya miezi 15 na kishikwambi mkononi, karibu mtoto mmoja kati ya wawili alikuwa bado hajui kusoma neno. Anayewaambia kuwa kifaa kitachukua nafasi ya mwalimu awajibu kwanza kuhusu watoto hao.

Malawi, jirani zetu ng'ambo ya Ziwa Nyasa, wamekwenda njia ambayo mimi naipenda zaidi. Masomo ya onebillion kwa Kichewa yamewekwa ndani ya shule za msingi, ndani ya ratiba, watoto wakiingia kwa zamu chumba kimoja na mtu mzima akiwepo. Mtoto anapata dakika zake, anatoka, anaingia mwingine. Njia hii haina mvuto wa kupigiwa picha.

Kwingine mambo yamekwenda vibaya. Peru iligawa kompyuta za mapajani vijijini. Tathmini iliyotolewa mwaka 2012, iliyohusisha shule 319, haikuona maendeleo yoyote katika hesabu wala lugha. Watoto walijua kutumia kompyuta. Kenya waliahidiwa kompyuta kwenye kampeni za 2013, wakaanza kugawiwa mwaka 2016, zaidi ya vifaa milioni 1, na shule nyingi zikavifungia. Mnakumbuka kabati langu.

Na sisi hapa Lindi? Mkoa huu ulikuwa katika mpango wa EQUIP-Tanzania uliofadhiliwa na Uingereza, ambapo walimu wakuu walipewa vishikwambi. Vilikuwa vya kutuma taarifa za shule: mahudhurio, idadi, takwimu. Vilivyokuja baadaye kwa walimu wa nchi nzima ni vile vya Sensa ya Agosti 2022. Kwa hiyo kishikwambi tunachokijua sisi kilikuja kuhesabu watoto, kisha kikaombwa kiwafundishe. Sikebehi. Kishikwambi kilekile kinaweza kufanya kazi zote mbili. Ila mwalimu aliyekipokea kama chombo cha kutolea taarifa kwa wakubwa hukishika kwa woga wa wakubwa, na mtoto hukiona kwa mbali.

Kuna wanaosema tusubiri intaneti iwe nzuri. Mwezi Mei 2024 ulitupa jibu. Tarehe 4 Kimbunga Hidaya kilipiga pwani hii, mvua ikaikata barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi maeneo ya Somanga, magari yakalala njiani. Tarehe 12, mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ikakatika, na nchi nzima ikabaki inatafuta mtandao. Katika siku nane, Kivinje ilipoteza njia ya nchi kavu na njia ya baharini. Shule iliyoweka masomo yake yote mtandaoni ingefundisha nini wiki ile? Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ni hazina, vipindi vya Ubongo Kids ni hazina, navyo vipakuliwe usiku mtandao unapokuwa mzuri, vikae kwenye kadi ya kumbukumbu. Kadi haijui kama daraja limebomoka. Umeme nao usitegemewe kupita kiasi, ingawa inachekesha kulisema hilo wilayani Kilwa, ambako gesi ya Songosongo imekuwa ikiwasha taa za Dar es Salaam tangu 2004.

Kuna na chumvi. Upepo wa hapa unakula bati, itakuwa tundu la kuchajia? Kifaa kisichotumika pwani hakibaki kipya. Kinaharibika ndani ya boksi lake, bila hata mtoto mmoja kukigusa. Anayekifungia ili kisiharibike anahesabu upande mmoja tu.

Nirudi basi kwenye ufunguo, kwa sababu sitaki mwalimu mkuu yeyote aondoke hapa akidhani namlaumu. Kishikwambi ni mali ya serikali. Kimeandikwa kwenye leja kwa namba. Kikianguka mikononi mwa mtoto wa darasa la pili, atakayeandika maelezo ni mwalimu. Kikikaa kabatini miaka mitatu hakuna atakayeulizwa: mkaguzi atakuja, atahesabu, vyote vipo, atatia saini. Kwa utaratibu huo kufungia ndiyo busara, na mimi ningekuwa mwalimu mkuu ningefungia vilevile. Semina za kuwahamasisha walimu hazibadilishi kitu, maana walimu hawakukosa hamasa. Wanakwepa deni.

Kinachobadilika kinaweza kubadilika hapa hapa. Kamati ya shule ikae, na kwenye muhtasari iandikwe siku na saa za darasa la kwanza na la pili kutumia vifaa, majina ya watu wawili wenye funguo, mmoja wao asiwe mwalimu mkuu, na kwamba kifaa kitakachoharibika ndani ya saa hizo, mbele ya mwalimu, kimeharibika kazini. Muhtasari upelekwe kwa Mkurugenzi wa Halmashauri autie saini, na nakala ibandikwe ndani ya mlango wa kabati, ili mkaguzi akilifungua aisome kabla hajaanza kuhesabu. Na kwenye fomu yake ya ukaguzi, karibu na safu ya vifaa vilivyopo, iongezwe safu moja ya saa ambazo kila kifaa kimetumiwa na watoto muhula huo. Kifaa chenye sifuri ndicho kiandikiwe maelezo.