Mji wa Makambako na Gunia la Kichiwa

Hotuba ya Katibu katika mkutano wa kuadhimisha miaka kumi ya Chama chetu Kikuu cha Ushirika, Kichiwa



Halmashauri ya Chama imetuagiza tuseme maneno machache juu ya maendeleo ya uchumi. Maneno hayo ni makubwa, na elimu yetu ilikoma katika shule ya sekondari. Kwa hiyo tumeona heri tuzungumze juu ya mji mmoja tu, ambao kila mmoja wetu aujua kwa miguu yake na kwa mfuko wake, yaani Makambako. Tukiisha kujua mji ule unakula nini, tutaweza kuulizana kwa nini sisi tunaoulisha bado tuko hivi tulivyo.

Makambako hauna bandari, wala mgodi, wala mto wa kupita mashua. Una upepo na njia panda. Upepo twaweza kuuacha, maana hauna mwenyewe. Ila njia panda ndiyo iliyoujenga mji. Wazanaki na Wachagga, Wakinga na Wabena, Wahindi na Waarabu, wote waliofungua duka pale walifuata jambo moja, kwamba mzigo ukifika Makambako lazima usimame ugeuke.

Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao mwezi wa Novemba 1965, nchi ya Zambia iliona mlango wake wa kusini unafungwa. Shaba yake na mafuta yake vikaanza kupita huku kwetu kwa malori, katika barabara ya udongo ambayo madereva waliiogopa kama moto. Baadaye barabara hiyo ikatiwa lami. Kisha ikaja reli. Kazi ilianza mwaka wa 1970, na mwaka wa 1975 njia yote ya kilomita 1,860, kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ikawa imekwisha kutandikwa. Wanaosafiri kwa gari moshi wanajua kipande cha Mlimba hadi Makambako, jinsi kilivyojaa madaraja na njia za chini ya milima. Hapana sehemu iliyowatoa jasho wajenzi kuliko hiyo. Gari moshi likiisha kuupanda ukuta ule wa milima, mahali pa kwanza pa kuvuta pumzi ni Makambako. Katika miaka ya 1980 barabara ya kwenda Njombe na Songea nayo ikapata lami, na njia panda ikakamilika. Mkoa wetu wa Njombe ukazaliwa mwaka wa 2012 kwa kumegwa kutoka Iringa. Mwaka wa 2019 ukazinduliwa umeme wa msongo mkubwa wa kutoka Makambako hadi Songea, na mashine za dizeli zilizokuwa zikiunguruma huko usiku kucha zikanyamaza.

Watu nao wameongezeka. Hesabu ya mwaka wa 2012 ilikuta watu 702,097 katika mkoa wetu. Ile ya 2022 ikakuta 889,946. Asiyeamini hesabu na aende Makambako jioni, ajaribu kuvuka barabara.

Basi, mji ule unakula nini? Unakula mizigo. Mahindi ya Ruvuma, viazi vyetu, maharage, mbao za misitu ya Njombe, majani ya chai, na sasa maparachichi, vyote hupita pale. Kila mzigo unaposimama kuna mtu wa kuushusha, wa kuulinda, wa kuupima, wa kuupakia tena. Kuna fundi wa kuziba pancha, mama wa kumpikia dereva wali, na mwenye nyumba ya wageni wa kumlaza. Hiyo ndiyo siri yote. Mahali unaposimama mzigo ndipo inapodondoka senti. Nasi mzigo wetu, ndugu zangu, hausimami hapa. Unatoka shambani hadi kando ya barabara, unapandishwa garini mchana mmoja, na senti zake zinakwenda kudondoka mbele.

Msidhani jambo hili ni geni. Babu zetu walikuwa wao wenyewe ndio mzigo. Wilaya hii ya Njombe ilihesabiwa na serikali ya kikoloni kuwa ghala la vibarua. Waliandikwa, wakapewa namba, wakapelekwa katika mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro, na kwa sababu ya namba zile wakaitwa manamba. Walirudi na blanketi na baiskeli, na wengine hawakurudi. Mkonge uliinuka, miji ya pwani ikainuka, na Ubena ukabaki na wanawake wakilima peke yao. Leo vijana wetu hawaendi Tanga. Wanakwenda Makambako kuendesha pikipiki za abiria. Hatuwalaumu. Kijana huifuata senti mahali inapodondoka, kama babu yake alivyofanya.

Sasa yatupasa kusema juu ya gunia.

Yupo mama mmoja, mwanachama wetu, ambaye hatutamtaja jina kwa kuwa yumo humu ndani na hapendi kusifiwa. Mwaka wa kwanza wa Chama alikuja ofisini na gunia la viazi la lumbesa, lile lililoongezwa kichwa kwa kamba na majani hata likawa kama mtu aliyevaa kilemba. Hakusema neno. Alilimwaga gunia lote mbele ya mlango wetu, akatoa debe lake, akaanza kupima. Gunia la haki hujaa kwa madebe sita. Yeye alipima sita, akapima la saba, akapima la nane. Kisha akatutazama. Akasema: “Katibu, haya mawili ni ya nani?”

Hatukuwa na jawabu, ila usiku ule tulikaa tukapiga hesabu. Mtu akiuza magunia kumi ya namna hiyo, ametoa madebe ishirini bure, yaani magunia matatu na madebe mawili juu. Katika kila magunia kumi anayolipwa, ametoa zaidi ya matatu ambayo hakulipwa. Mbolea ya viazi vile aliinunua, mbegu aliinunua, mgongo wake ndio uliopalilia. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, na kila mnunuzi anaijua sheria hiyo. Lakini sheria bila mizani ni kama mbwa asiye na meno, na mkulima aliyesimama peke yake kando ya barabara, mvua inanyesha na ada ya shule inadaiwa, hawezi kumwambia mwenye lori, “Ondoka na gari lako.” Anayeweza kusema hivyo ni yule mwenye ghala nyuma yake, ambaye mzigo wake waweza kungoja hadi kesho.

Kwa ajili ya maneno hayo tulijiunga. Wala hatukuwa wa kwanza. Wafumaji wa Rochdale kule Uingereza walipofungua duka lao mwezi wa Desemba 1844, walianza na unga, siagi, sukari na shayiri iliyosagwa, na sifa yao ya kwanza ilikuwa kwamba unga wao haukuchanganywa na uchafu na ratili yao ilikuwa ratili kamili. Katika nchi yetu, Wachagga waliunda chama chao kikuu cha kahawa, KNCU, mwaka wa 1933, na jirani zetu Wangoni na Wamatengo wakaunda chao cha tumbaku mwaka wa 1936. Vyama vikuu vikavunjwa na serikali mwaka wa 1976, vikaruhusiwa tena kwa sheria ya mwaka wa 1982. Wazee waliokuwapo wanajua hasara ya miaka ile sita. Mazoea ya kuweka hesabu ni kama moto wa jikoni, ukizimika ni taabu kuuwasha tena.

Lakini mfano tunaoupenda zaidi watoka mbali. Katika nchi ya Canada kuna mbuga pana za nyasi, upepo na baridi, kama hizi zetu ila baridi yake yaua. Reli ilipopita katika mbuga hizo, miji midogo ikaota kando ya stesheni, na katika kila mji kulikuwa na ghala refu la ngano lenye mizani yake. Wakulima walilalamika kwamba mizani inawapunja na daraja la ngano yao linashushwa. Mwaka wa 1924 wale wa jimbo la Saskatchewan wakaunda ushirika wao wa ngano, wakajenga na kununua maghala, na mizani ikawa yao. Mji na shamba vikainuka pamoja. Twaongeza, kwa kuwa si haki kusimulia nusu ya habari, kwamba mwaka wa 1996 hisa za ushirika ule ziliingizwa sokoni ziuzwe kwa yeyote, na mwaka wa 2007 hata jina lake likaondoka. Ushirika wa miaka zaidi ya sabini ukageuka kampuni. Sisi tuna miaka kumi tu.

Na katika miaka hiyo kumi hatukusimama wima siku zote. Kitabu hiki cha kumbukumbu kina picha nzuri, na msomaji angeweza kudhani kwamba tulipanda ngazi bila kujikwaa. Mwaka wa tatu, wakati wa masika, tulikubali maneno ya mnunuzi mmoja wa mjini mbali, maneno ya simu tu, bila mkataba wa maandishi. Tulipakia lori zima la viazi vya wanachama. Lori lilipofika, simu ya mnunuzi haikuita tena. Viazi vilikaa siku tatu chini ya turubai, mvua juu na joto chini. Vilivyosalia viliuzwa kwa bei ya kutupa. Mkono ulioandika hati ya kutoa mzigo ule ni huu unaoshika karatasi hii. Wanachama wengi walijitoa mwaka huo, na waliobaki walibaki kwa uvumilivu, wala si kwa sababu tulistahili. Tangu hapo hakuna lori linaloondoka hapa bila sahihi tatu na malipo ya awali. Kanuni hiyo mnayoilalamikia kwamba inachelewesha mambo, bei yake tulikwisha ilipa.

Sasa tufike kwenye jambo lililotugawa. Akiba iliyokusanywa yatosha kufanya moja kati ya mawili. La kwanza ni kununua kiwanja Makambako na kuanza ghala huko. La pili ni kujenga ghala la kuchambulia hapa Kichiwa. Vijana wetu wanataka Makambako, nao wana hoja. Bei ya viwanja huko inapanda, reli iko huko, na mwezi wa Septemba 2024 Tanzania, Zambia na China zilitia sahihi Beijing hati ya maelewano ya kuifufua TAZARA. Asiyepata nafasi leo, wasema, kesho atapangishwa na mwingine.

Sisi wa ofisini, baada ya kubishana siku nyingi, twasema tuanze hapa. Kiazi kikikaa katika mwanga hugeuka kijani kikawa kichungu; chataka giza na hewa mara tu kinapotoka ardhini, wala si baada ya safari. Parachichi nalo likianguka chini wakati wa kuchumwa, au likikosa kikonyo chake, huonyesha jeraha lake baada ya siku kadhaa, likiwa tayari mikononi mwa mnunuzi, naye hulikataa. China ilikubali mwezi wa Novemba 2022 kufungua soko lake kwa maparachichi ya Tanzania, na jambo hilo tulilipokea kwa shangwe. Lakini soko la mbali halimwulizi mtu ana kiwanja wapi, huuliza tunda lilichumwaje. Uchambuzi ukifanyika hapa, kazi ya kuchambua, kupima na kufunga itabaki hapa, na baadhi ya wale waendesha pikipiki watakuwa na sababu ya kurudi nyumbani. Mzigo utasimama Kichiwa kwanza, ndipo uende kusimama Makambako.

Hatusemi mji ni adui. Bila Makambako viazi vyetu vingeoza hapa hapa kama vilivyooza zamani za njia ya matope. Hatusemi pia kwamba vijana wamekosa. Huenda baada ya miaka kumi mingine mtu atasimama hapa aseme Katibu yule alikosea, kiwanja kilikuwa rahisi naye akakiacha. Tumeliwaza hilo, na usingizi wetu haukuwa mzuri wiki hii.

Bwana Mwenyekiti, uamuzi ni wa wanachama, kila mtu kura moja, mwenye hisa nyingi na mwenye hisa chache sawasawa. Daftari la akiba liko wazi juu ya meza ile, na aliye na swali juu ya mstari wowote tutamjibu mbele ya watu wote. Mizani mpya iko nyuma ya ofisi, imekwisha kukaguliwa na kupigwa muhuri. Yule mama tuliyemsimulia ameleta gunia lake leo pia, na debe lake. Atakayependa kutazama akilipima kabla ya kupiga kura na aende sasa. Kura itaanza baada ya chai.